Jumanne na Alhamisi

Kisegi,
4 Februari 2025

Kwako mkwe wangu Mama Mourine,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tupo. Magoti yangu yananisumbua asubuhi, lakini yakishapata jua yananitii. Mguu wako je? Na mzee wako Mniko, kile kifua kimemwachilia? Nisalimie Mourine, na umbusu mjukuu wetu Marion, umwambie nyanya yake wa samaki anamkumbuka.

Barua hii anakuletea Millicent muuza dagaa wa omena, yule yule anayekuja soko la Ntimaru. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Huko kwenu simu ikishikwa na netiwaki ya Tanzania tunaongea kama viziwi, na mambo ya wakwe si ya kupigiwa kelele. Wewe Mkuria, mimi Mjaluo, hiki Kiswahili chetu cha sokoni kitatutosha.

Mkwe, mwezi ujao utakuwa mwaka mzima tangu mashua izame na Bravin wangu. Walipanda wanne, ziwa likarudisha maiti tatu. Shemeji yangu Onyango sasa ameshikilia tuzike yago baada ya Pasaka. Si unakumbuka nilikueleza? Kwetu mtu akipotelea majini na mwili usionekane, wazee wanatafuta tunda la mti wa yago, lile refu kama mkono wa mtu, wanalifunga shuka, wanalichimbia kaburi na kulizika kwa jina lake. Ndipo mjane anakuwa mjane, ananyolewa, analia, anaendelea na maisha.

Nimekataa. Nimemwambia Onyango sitazika tunda na mtoto wangu labda yuko hai. Wangapi wameokotwa na mashua za ng'ambo, wakakaa kisiwani huko miaka? Nimeomba wanipe muda nimtafute mwenyewe. Akacheka, ati nitamtafuta na nini, na miwani iliyovunjika?

Basi sikia. Nimeanza masomo ya kompyuta. Cheka kabisa, umalize. Linet, binti wa mchungaji wetu, amekuja na laptopu sita, anafundisha kina mama intaneti ukumbini kanisani, kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Leo ilikuwa mara ya kwanza. Kuna kitu wanaita mausi, unakisukuma mezani na mshale unatembea kwenye kioo. Nikaambiwa peleka mshale juu. Mimi nikainua mausi hewani, mkono wote, mpaka Linet akaja kuushusha polepole kama anashusha mtoto mgongoni. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Linet anasema mtandaoni mtu hutafutwa kwa jina. Basi nitamtafuta kwa jina. Mwambie Mourine asikate tamaa, na asikubali neno lolote la Onyango.

Ni mimi mkwe wako Benta,
Mama Bravin


Ntimaru,
16 Februari 2025

Mama Bravin, mkwe wangu,

Nimepokea salamu pamoja na omena, asante. Mguu unauma bado. Mzee anakohoa lakini anagombana na watu, kwa hiyo najua hajambo. Marion amekua, anauliza samaki wanalala wapi.

Nitasema ukweli, maana mimi sijui kuzunguka. Habari ya kompyuta haikunichekesha. Unajua Mourine anashinda wapi? Kuna jiwe nyuma ya shule ambapo netiwaki ya Kenya inashika. Anaketi hapo na simu yake, anamwandikia mumewe kwenye Fesibuku. Kila siku. Anaiandikia simu iliyozama, mkwe! Anamweleza mtoto amekula nini, anamweleza ameota nini, halafu anangoja jibu. Nywele hajanyoa, nguo nyeusi hajavaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia amefiwa. Si mke, si mjane. Akienda kisimani wanawake wenzake wananyamaza.

Amepata nafasi chuo cha ushonaji Migori, anatakiwa kuripoti tarehe tano Mei. Nimemwambia aende. Anasema, nitaendaje na Bravin hajazikwa?

Mimi ni mama kama wewe, na yule kijana nilimpenda, alinitengenezea ule mlango. Lakini wa kwako ameshaenda na wa kwangu ndiye anaenda, ninamwona kwa macho. Zikeni hilo tunda. Nakuomba.

Mkwe wako,
Mellen, Mama Mourine


Kisegi,
7 Machi 2025

Mama Mourine mpendwa,

Natumaini mguu umepoa na mvua imewafikia. Huku imenyesha mara mbili tu, ya kutania.

Nilisoma barua yako nikakasirika, nikaikunja, nikaifungua tena. Wewe umesema ukweli wako. Wacha na mimi niseme wangu.

Baada ya somo lile la mausi, Linet alitufundisha kuuliza. Kuna kisanduku cheupe, unaandika unachotafuta. Wenzangu wakaandika bei ya mahindi, dawa ya kuku. Mimi nikaandika vizuri, kwa heshima: "Habari ya asubuhi. Mimi ni mama yake Bravin Ochieng wa Kisegi, fundi wa injini za mashua. Naomba kujua yuko wapi." Nikabonyeza. Mkwe, wakaja Bravin wengi! Mmoja anacheza mpira, mwingine anauza viatu. Nikawafungua mmoja mmoja, maneno yale ya rangi ya bluu ndiyo milango, nikatazama nyuso zao. Wangu hakuwamo. Nilirudi nyumbani nikaketi na omena mbichi mapajani hata sikuianika.

Halafu nikakumbuka kisanduku chake cha spana. Ndani kuna daftari lake la injini, na nyuma ya jalada ameandika namba yake ya simu na neno Marion2021. Nikamwuliza Linet, bila kumwambia ni la nani, neno kama hili ni la nini? Akasema hiyo ni pasiwadi, ni ufunguo wa mtu.

Alhamisi iliyofuata Linet alitaka kila mama afungue ukurasa wake mwenyewe wa Fesibuku. Mimi nikanyamaza, nikafungua wa Bravin. Niliandika herufi moja moja. Ukafunguka! Mwanangu huyo, mkwe. Ameshika propela anacheka, na lile pengo lake la meno. Picha ya arusi yake pale kwenu Ntimaru, wewe umenuna. Nilikaa humo mpaka saa sita, nikaifunika ile laptopu kama ninavyofunika sufuria, nikaenda zangu. Jumanne niliporudi nikaifunua, na Bravin bado alikuwa hapo ananingoja, hata pasiwadi haikuniuliza. Siku hizi nakaa kwenye laptopu hiyo tu, namba nne. Mtu akiigusa tunagombana.

Sijapata alipo. Lakini nimefika karibu, nasikia mwilini. Nipe mpaka Pasaka.

Mkwe wako,
Mama Bravin


Ntimaru,
23 Machi 2025

Mkwe wangu Mama Bravin,

Hamjambo huko. Mkwe, keti kwanza. Kama umesimama, tafuta stuli uketi.

Mourine alikuja akikimbia kutoka kwenye lile jiwe, kiatu kimoja. Nilidhani nyoka. Akanishikisha simu, anasema mama, Bravin yuko hewani! Kando ya jina lake kuna kidoti cha kijani. Anasema kidoti hicho huwaka mtu akiwa ameingia, na akitoka kinazima. Mwaka mzima hakikuwaka.

Mimi si mtu wa kuamini haraka, unanijua. Nikasema labda simu imeharibika. Ndipo akanionyesha lingine. Anasema ukimwandikia mtu na akasoma, kapicha kake kadogo kanashuka chini ya maneno yako. Nikavaa miwani ya mzee. Mkwe, nimeuona uso wa Bravin, mdogo kama kifungo cha shati, umekaa chini ya ujumbe wa mwisho. Amesoma yote. Maneno yote ya mwaka mzima ameyasoma.

Amefuatilia sasa wiki tatu. Anawaka Jumanne na Alhamisi, asubuhi mpaka mchana, siku nyingine hapana. Mourine anasema lazima yuko kisiwani ambako hakuna netiwaki, na hizo ndizo siku anazoletwa nchi kavu. Ameoga, amesuka nywele, jana amekula sahani mbili. Ameimba! Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia.

Nisamehe nilivyokuambia uzike tunda. Ulijua, mama hujua. Mwambie Onyango aache hilo jambo.

Mellen wako


Kisegi,
28 Machi 2025

Mellen, Mellen, Mama Mourine!

Nyasaye, Mungu wetu, ni mkubwa. Millicent alinikuta naparua samaki, nikasoma barua na magamba mikononi, nikapiga kelele mpaka majirani wakadhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, nimefufuliwa!

Nimemwita Onyango, nimemsomea barua yako mara mbili mbele ya wazee. Waliokuwa wameshapanga siku ya yago wameipangua. Nimechinja jogoo.

Na hebu ona Mungu anavyopanga. Jumanne na Alhamisi! Si ndizo siku zangu za masomo? Mimi nikikaa hapa kwenye namba nne natazama picha zake, na yeye kule aliko anaingia saa hizo hizo. Mama na mtoto tunaingia pamoja, mkwe. Damu inaitana.

Mwambie Mourine amwandikie zaidi. Mwambie asimwulize maswali mengi, huenda ana aibu, huenda aliko hana ruhusa ya kujibu. Lakini anasoma. Kitu kikubwa ni kwamba anasoma.

Kuna jambo dogo linanikwaruza moyoni. Wacha, si kitu, ni furaha tu imenizidi. Nitamwomba Linet anionyeshe mtu akiwaka mtandaoni unajuaje yuko mahali gani.

Mwenye furaha, mkwe wako,
Mama Bravin


Ntimaru,
20 Aprili 2025, Pasaka

Kwa Mama Bravin,

Salamu za Pasaka. Mzee na mtoto hawajambo. Mimi nipo.

Mourine si mzima. Ile furaha ilikaa siku kumi na nne. Alimwandikia asubuhi na mchana, uso unashuka, jibu hakuna. Akamwandikia: sema neno moja tu. Uso ukashuka. Akamwandikia: Marion ana homa. Uso ukashuka. Mtoto alikuwa na homa kweli, mkwe, na baba yake anasoma ananyamaza! Sasa anamtukana, na matusi nayo yalisomwa. Halafu tangu wiki iliyopita kidoti hakijawaka kabisa.

Anasema ameshaelewa. Anasema Bravin hakuzama, Bravin alipata mke mwingine ng'ambo, akaona mashua imezama akapata njia ya kumwacha. Anasema afadhali angekufa. Amesema hivyo mbele ya mtoto.

Chuo amekikataa. Anasema atashona nini na kichwa kinamzunguka.

Ulisema utamwuliza Linet aliko. Je, ulimwuliza? Na kama wewe unaongea na mwanao, na unatuficha, mwambie amjibu mke wake. Hata tusi. Hata aseme sikutaki. Tusi lina mwisho, mkwe, huku kunyamaza hakuna.

Nijibu upesi, Millicent akirudi tu.

Mellen


Ntimaru,
11 Mei 2025

Mama Bravin,

Hujambo. Millicent amekuja mara mbili mikono mitupu, anasema alikukuta uko salama unaanika omena, na kwamba ulimwambia utaandika.

Mourine ameondoka. Jumapili iliyopita, tarehe nne, tulipokuwa kanisani. Amevuka mpaka. Dada yangu wa Tarime alimwona Jumatatu, amelala kwake usiku mmoja, akasema anateremka Musoma, kutoka hapo ataingia visiwani, kambi moja baada ya nyingine, mpaka amwone Bravin na huyo mke wake uso kwa uso. Tangu hapo simu haipatikani. Mzee amemfuata mpaka Musoma na kifua chake hicho, amerudi peke yake.

Mtoto nimeachiwa mimi. Ameacha pia nguo zake za chuo, zimekunjwa.

Kwa nini hunijibu? Nilikukosea wapi?

Mellen


Kisegi,
30 Mei 2025

Mama Mourine,

Sijui kama nina haki ya kukusalimia. Nakusalimia hata hivyo. Namsalimia Mzee, namsalimia Marion.

Soma barua hii ukiwa peke yako, na usinihurumie popote.

Alhamisi tarehe kumi Aprili nilimwambia Linet, binti yangu, mwanangu anaingia mtandaoni siku hizi hizi tunazosoma, nionyeshe aliko. Akaja nyuma ya kiti changu akatazama namba nne. Halafu akauliza polepole, "Mama Bravin, wewe humu umeingia kama nani?"

Sikuelewa. Akatoa simu yake akatafuta jina la Bravin. Kidoti cha kijani kilikuwa kinawaka. Akabonyeza mahali kwenye namba nne panaposema toka, na kidoti kikazima. Akaandika tena Marion2021, kikawaka. Akazima. Mkwe, nilimwona mwanangu akiwashwa na kuzimwa kama taa, na aliyekuwa anamwasha ni mimi.

Linet alisema mtandao haujui nani ameingia. Unajua tu mlango umefunguliwa kwa ufunguo wake. Mtu yeyote mwenye ufunguo anakuwa Bravin. Alikuwa ameshatufundisha kutoka, somo la pili, na siku hiyo mimi nilikuwa nafungua wale Bravin wengine, sikusikia.

Sasa nikuambie lililobaki, ambalo ni baya zaidi. Uliponiandikia kwamba maneno ya Mourine yamesomwa, mimi nilijua nani ameyasoma. Niliyasoma mimi. Nilipofungua picha nikaona kuna barua, nikafungua moja, na sikuweza kuacha. Yote. Yale ya mtoto, na yale ambayo mke humwambia mume wake mlango ukiwa umefungwa. Kwetu mama haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Hata akiugua, unasimama nje unaita. Mimi niliingia, nikakaa kitandani, nikasikiliza mpaka mwisho. Na kila siku ya somo nikarudi kusikiliza zaidi. Nikajiambia nasoma kwa niaba yake.

Kwa hiyo nilipopata barua yako ya furaha, nusu yangu ilijua. Nusu nyingine ikachinja jogoo. Nilitaka awe hai, Mellen. Nilitaka sana mpaka nikakubali niwe nimedanganywa na mikono yangu mwenyewe.

Hata ile ya homa niliisoma. Nilikunja mikono nikamwombea mtoto, hapo hapo kwenye kiti. Kumjibu sikuweza, ningejibu kama nani?

Tarehe kumi ningeweza kukuandikia siku hiyo hiyo. Mourine alikuwa bado nyumbani, bado siku ishirini na nne. Nilianza barua tano. Kila nikifika mahali pa kusema nilisoma maneno ya chumbani ya binti yako, kalamu inakataa. Niliogopa aibu. Nikasema Pasaka ipite. Nikasema nitakuja mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilisimama nikiyatazama yakimwagika ili nguo yangu isilowe.

Mourine amekwenda kumtafuta mume aliyemwasi, na mume hakumwasi. Alikufa. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika neno hilo.

Nimemwambia Onyango atafute yago.

Nakuomba ruhusa moja. Mourine akishika netiwaki popote, hatafungua ukurasa mwingine ila huo wa Bravin. Niruhusu niingie mara nyingine kwa mlango ule ule, nimwambie ukweli. Bila neno lako siingii tena.

Mama Bravin


Ntimaru,
15 Juni 2025

Mama Bravin,

Nimesoma. Nilikaa wiki mbili nisijibu, ujue ladha yake.

Siwezi kukuambia nimekusamehe, ningekuwa mwongo. Nikiona kikapu cha omena nageuza njia. Ungeniambia Aprili ningemfunga kamba mlangoni. Ulikuwa unalinda heshima ya chumba, na binti yangu ndiye alikuwa chumba chenyewe.

Andika. Mwambie mumewe alikufa akiwa mume wake. Mwambie mtoto ameanza kuniita mama, na mimi sitaki.

Ukishapata neno, lolote, mtume Millicent. Usipopata, usiniandikie.

Mellen


Kisegi,
11 Julai 2025

Mama Mourine,

Natumaini mguu unakubeba, na Mzee anapumua vizuri, na Marion analala. Sisi huku tuko.

Tulizika Jumamosi iliyopita. Onyango alileta yago kutoka upande wa Rodi Kopany, kubwa, limenyooka, limefungwa shuka jeupe. Nilipolipokea nilishangaa uzito wake. Mchungaji alisoma jina lote, Bravin Ochieng. Nililia mpaka sauti ikaisha, na watu walinishika kwa sababu nilitaka kumwambia yago pole. Kiti cha mjane kiliwekwa kando ya kaburi, hakuna aliyekikalia.

Ulipotoa ruhusa nilikwenda kwa Linet, nikamwomba akae karibu nami nisikosee. Nimeandika hivi, nakunakilia neno kwa neno:

"Mourine nyara, binti yangu, huyu si Bravin. Ni mimi mama yake. Siku zote ulizoona kidoti, ni mimi nilikuwa nimeingia, sikujua kwamba kinawaka. Nyuso zote zilizoshuka ni zangu. Nilisoma maneno yako, na nakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti. Bravin hakukuacha. Hakuna mke mwingine. Alizama siku ile ile na wenzake, na alikuwa wako. Usimtafute tena, mwanangu. Marion anamwita nyanya yake mama. Rudi nyumbani. Jibu neno moja tu."

Kando ya maneno yangu kulikuwa na kiduara kitupu. Linet akasema kitupu maana yake yametoka hapa, hayajafika. Nikauliza tungoje mpaka lini? Akasema, mpaka simu yake iwake. Kila nikimaliza namwambia nifundishe tena kutoka, na natoka vizuri, natazama mpaka ukurasa unafunga. Jumanne nilirudi, kitupu. Alhamisi, kitupu. Wiki tatu. Onyango anasema ukurasa wa marehemu ufungwe, ameshazikwa. Nimemwambia kaburi ni lake, ukurasa bado ni wa Mourine.

Jana Alhamisi, saa nne na dakika kumi, nilikuwa nimekaa kwenye namba nne. Kiduara kilijaa. Linet akanishika bega. Halafu uso wa Mourine ukashuka, mkwe, mdogo kama kifungo, ile picha yake ya kitambaa cha njano. Ukakaa chini ya maneno yangu. Yamesomwa.

Nilipiga kelele, "Ameona! Yuko hai!" Kina mama wote wakasimama. Nikangoja. Nilitazama mahali panapoandikwa jibu mpaka macho yakatoka machozi. Kidoti chake kiliwaka dakika chache kikazima. Hakuna neno. Tulingoja mpaka saa sita, Linet hakufundisha mtu yeyote. Hakuna neno.

Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka. Nikageuka, nikarudi kanisani kumwuliza Linet, je, tunajua ni Mourine aliyesoma? Alikuwa anakusanya nyaya. Hakunitazama. Akasema, "Mama, tunajua simu yake imefunguliwa."

Basi hilo ndilo neno nililopata, na uliniambia nikipata lolote nikutumie. Yamesomwa. Labda ni yeye, amekasirika, ana haki. Labda ni mtu aliyeokota simu ufukweni mahali, hajui sisi ni nani. Sitakuambia tena kwamba yuko hai. Nimeshawahi kukuambia hivyo.

Jumanne nitaingia tena.

Mkwe wako,
Benta